Bolti ya braketi ya kalipa imegoma tangu asubuhi, kichwa kinaanza kuliwa, nisaidieni kabla sijaikata

#1 fundi_wa_wikiendi (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Leo nimeamua kujibadilishia diski na pedi za mbele mwenyewe, sio kwamba sina fundi ila nimechoka kukaa kwenye benchi nusu siku nasubiri kazi ambayo kwenye video naona ni bolti nne tu kila upande. Pedi zimetoka fresh, zile bolti mbili ndogo za kalipa (kile kinachobana pedi kwenye diski) nilizifungua bila hata jasho. Shida ni diski. Ili itoke lazima ile braketi inayobeba kalipa itoke, na braketi imeshikwa na bolti mbili kubwa kwa nyuma, namba 17. Ya juu ilitoka kwa kelele lakini ilitoka. Ya chini nimeanza nayo saa nne asubuhi na sasa hivi naandika ni saa kumi na moja jioni.

Nimeipulizia WD-40 mara tatu, nikajaribu spana ya kawaida, nikaenda boksi (ile spana ya kuvika kichwa chote), nikaenda boksi na bomba la kama mita moja hivi. Kwenye bomba nikasikia TAK nikashangilia, kumbe boksi imeruka kona. Sasa kona mbili za kichwa zinang'aa, vifundo vya mkono wa kulia havina ngozi, na gari liko juu ya jeki. Nikate? Nichome moto? Nirudishe tairi nimpigie fundi nikubali kuchekwa?

#2 Kona6

Kabla ya bolti, toa hilo gari kwenye jeki. Sasa hivi, sio ukimaliza kusoma. Jeki ni ya kunyanyulia tu, haikai na gari. Weka stendi kwenye chesesi, halafu ile tairi uliyotoa isukumie chini ya gari ilale pale, ili hata stendi ikiteleza gari liangukie tairi lisikuangukie wewe. Unavuta bomba la mita moja, unadhani hiyo nguvu inaishia kwenye bolti? Inatikisa gari zima.

Pili, chungulia ndani ya boksi yako hesabu kona. Ni sita au kumi na mbili?

#3 fundi_wa_wikiendi

Stendi nimeweka mkuu, asante, kweli nilikuwa nacheza.

Boksi ni kona 12, ndo iliyokuja na seti.

#4 Kona6

Nilijua tu. Ya kona 12 inashika kichwa kwenye ncha za kona, ya kona 6 inabana kwenye ubapa. Kwa bolti safi huoni tofauti, kwa bolti yenye kutu utaiona kama ulivyoiona leo. Tafuta ya kona 6, ile nyeusi nene ya mashine ya impakti ni nzuri zaidi, na kabla hujaivika kwangua kutu na matope kwenye kichwa kwa brashi ya waya mpaka uone chuma, maana boksi isipokaa mpaka chini inashika nusu ya kichwa tu. Ikibana kuingia igonge na nyundo iingie. Ikiingia kwa kulazimishwa ndo vizuri zaidi.

Na usije ukachukua ya inchi ukidhani zinalingana. 3/4 ni milimita 19.05, hiyo inakaa kwenye 19 bila shida, ila nusu inchi ni 12.7 na haiwezi kuingia kwenye 13, ikiingia ujue kichwa kishaliwa. Watu wengi wameua bolti kwa hesabu ya "inakaribiana".

#5 TochiNaNyundo

Hiyo WD-40 ya kopo la kawaida wanaionea bure. Jina lenyewe maana yake ni kufukuza maji, jaribio la 40, ilitengenezwa 1953 kwa ajili ya kuzuia kutu. Inalainisha ndio, inapenya kidogo ndio, ila sio mafuta ya kupenya hasa. Tafuta yale ya kupenya yenyewe, na ukikosa kuna mafundi wanachanganya ATF (mafuta ya giaboksi ya otomatiki) na asitoni nusu kwa nusu, yanapenya vizuri ila yanashika moto kama petroli na hayakai kwenye chupa muda mrefu, asitoni inaruka. Inakula plastiki pia so angalia unayaweka kwenye nini.

Lakini mafuta yoyote utakayotumia tatizo lako ni muda. Umepuliza ukavuta. Mafuta yanatakiwa yatembee kwenye thredi zenye kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza, ndo maana bolti iliyoingia kwa vidole inatoka kwa bomba, hamna nafasi tena mle ndani. Paka, gonga kichwa na nyundo mara kumi hivi, acha. Rudi baada ya saa, paka gonga acha. Lala. Asubuhi paka tena. Kugonga ndo kunafungua njia ya mafuta, usipogonga unaosha kichwa cha bolti tu.

#6 pedi_mbili

WD-40 imenifungulia nati za egzosi mwaka jana mwacheni jamaa

#7 TochiNaNyundo

Nati hizo zingefunguka hata kwa maji ya kunawa

#8 MkonoWaGrisi

Samahani mleta uzi, nina swali la kijinga kidogo. Unasema ya juu ilitoka na ya chini imegoma. Ya juu uliifungua umekaa wapi na ya chini umekaa wapi? Na bomba unalivuta kuelekea upande gani?

#9 fundi_wa_wikiendi

Ya juu nililala chini nikaifungua kwa nyuma naiona kichwa kabisa. Ya chini bomba lilikuwa linagonga chini, so nimekaa nje mbele ya diski nimepitisha mkono kwa nyuma, nafungua kinyume na saa kama kawaida.

#10 MkonoWaGrisi

Kinyume na saa kwa kuangalia wapi?

#11 fundi_wa_wikiendi

...

#12 fundi_wa_wikiendi

Daah

#13 pedi_mbili

🤣🤣🤣🤣 amekaza tangu saa nne

#14 MkonoWaGrisi

Usijali mkuu hii imetukuta wengi, wengine wanaficha tu. Bolti za braketi vichwa vinaangalia ndani kwenye injini. Ukiwa nje unaangalia mkia wake, kwa hiyo mzunguko unageuka, ile unayoona ni kinyume na saa kwa kichwa ni kukaza. Mimi huwa nafanya hivi, nashika kidole gumba cha mkono wa kulia nakielekeza kule ninakotaka bolti itoke, vidole vingine vikikunjwa vinaonyesha upande wa kuzungusha. Sifikirii tena saa.

Sasa hesabu kidogo. Bolti kama hiyo kwenye gari dogo kiwandani inakazwa karibu na Newton mita 100. Wewe umevuta bomba la mita moja, ukivuta kwa nguvu ya kunyanyua kilo 40 hiyo ni karibu 400. Umeikaza mara nne. Bahati yako boksi iliruka, kama ungekuwa na kona 6 ungekuwa umeikata na sasa hivi tungekuwa tunaongelea drili.

Na kwa wanaosoma, zipo pia bolti zenye thredi za kushoto kweli. Tai rodi (fimbo za usukani) zenye rekebisho, upande mmoja ni wa kushoto. Malori na magari ya zamani baadhi nati za tairi za kushoto nazo ni hivyo. Ukiona bolti imegoma kwa namna ya ajabu simama kwanza uangalie thredi zinazochungulia nyuma zinaelekea wapi, kabla hujaongeza bomba.

#15 fundi_wa_wikiendi

Nimecheka mwenyewe hapa chini ya gari mpaka mtoto amekuja kuniangalia kama niko sawa. Ok. Nimegeuza, nimevuta upande sahihi kwa bomba, haijatikisika, na boksi inataka kuruka tena. Nimeacha. Nimepaka mafuta nimegonga, nimefunika. Kesho natafuta boksi ya kona 6. Swali, moto nitumie? Nina ile tochi ndogo ya gesi.

#16 Kona6

Moto ni mzuri ila hapo kuna vitu vingi vya kuungua. Mpira wa bolijointi uko sentimita chache, waya wa sensa ya ABS unapita hapohapo, mpira wa hydroliki ya breki nao. Mimi ningemaliza njia zote kwanza.

#17 TochiNaNyundo

Na mimi ningeanza na moto. Tatizo la watu ni kuchoma kichwa cha bolti dakika mbili halafu wanavuta ikiwa bado ya moto na bolti yenyewe ndo imevimba zaidi. Choma kile chuma kinachoizunguka, kipanuke, shimo likue. Chuma cha milimita 12 ukikipandisha nyuzi 300 kinaongezeka kama sehemu 4 za mia za milimita. Inaonekana ni kitu kidogo lakini kutu inakaa kwenye nafasi hiyohiyo ndogo, ikipasuka imepasuka. Njia ya pili ni kuchoma bolti yenyewe mpaka iive halafu uiache ipoe kabisa, ikivimba inajibana, ikisinyaa inaachana na kutu, hapo ndo unapaka mafuta yanavutwa ndani. Wengine wanagusisha mshumaa kwenye bolti ikiwa ya moto, nta inayeyuka inaingia kwenye thredi. Nilidhani ni hadithi mpaka nilipoiona.

Kabla hujawasha, leta sumaku uibandike kwenye kile chuma kinachobeba habu (kitovu cha tairi). Ikishika ni chuma choma. Isiposhika ni alumini, punguza sana, alumini haibadilishi rangi kukuonya, inapoteza nguvu kimyakimya.

#18 MkonoWaGrisi

Naongezea kwenye moto kwa herufi kubwa: USICHOME SEHEMU ULIYOPULIZIA SPREI YA KUSAFISHIA BREKI. Zile zenye klorini zikipata moto zinatoa fosjini, hiyo ni gesi ya sumu ilitumika vitani. Soma kopo. Kama ulipulizia leo subiri ikauke kabisa, osha kwa maji na sabuni, fungua milango ya gereji. Na usichome karibu na shokabsoba, ina gesi ndani. Na mafuta ya kupenya uliyopaka yatatoa moshi na yanaweza kushika, so kitambaa kibichi na ndoo ya maji viwe pembeni, sio ndani ya nyumba.

#19 gari_la_baba

Nisimulie yangu ili mjue mwisho wake. Stadi (bolti isiyo na kichwa, inashikwa na nati) ya manifoldi ya egzosi, M8 yaani unene wa milimita 8. Nilivuta ikaanza kuzunguka, nikafurahi, laini kabisa. Sasa ile laini ndo ilikuwa shida. Bolti inayofunguka inalia, kraak, inaachia, inashika tena, kraak. Inayokatika hailii, inakuwa kama unapotosha mpira, unasukuma racheti robo nzima na ukiachia mkono inarudi yenyewe kidogo. Mimi nikaendelea kusukuma. Ikakatika, nusu mkononi, nusu imebaki ndani ya silinda hedi.

Baada ya hapo nikafanya kosa kubwa zaidi, nikanunua ekstrakta, vile vidude vya kuingiza kwenye shimo ulilotoboa. Ikakatikia mle ndani. Ekstrakta ni chuma kigumu sana drili ya kawaida haiigusi, nikawa na vyuma viwili vimekwama badala ya kimoja. Aliyeniokoa ni jamaa mchomeleaji. Aliondoa kile kipande cha ekstrakta, akaweka nati juu ya kisiki akachomelea kwa katikati ya nati, akasubiri ikapoa mpaka unaweza kugusa, akafungua na spana kama hamna kitu kilichotokea. Moto wa kuchomelea ndo uliolegeza, nati ni ya kushikia tu. Siku hizi nikihisi ule ulaini naacha palepale, narudisha kukaza kidogo, napaka, nasubiri.

#20 pedi_mbili

Hii ya kurudisha kukaza watu hawaielewi kabisa. Unafungua robo unarudisha nusu ya robo. Unga wa kutu unatakiwa utoke, ukienda moja kwa moja unausokota mle ndani mpaka thredi zinaliwa

#21 gari_la_baba

Hasa. Na ukiwa na drili ya kuzunguka kushoto jaribu hiyo kabla ya ekstrakta, mara nyingi kisiki kinatoka chenyewe wakati unatoboa. Piga senta panchi (ile ya kutia alama ya kutobolea) katikati kabisa maana ukitoboa pembeni umekula thredi za hedi. Kama zimeshakufa toboa ukate thredi upya kwa tepu, kwa M8 ya kawaida drili ni 6.8.

#22 fundi_wa_wikiendi

MREJESHO.

Asubuhi nimepata boksi nyeusi ya kona 6, nimeigonga na nyundo imeingia kwa shida mpaka chini. Sumaku imeshika, ni chuma. Waya wa ABS nimeutoa kwenye klipu nikaufunga pembeni, mpira wa bolijointi nimeuzungushia kitambaa kibichi mara mbili. Nimechoma lile chuma pande zote kama dakika tatu, tochi yangu ndogo so hakikupata rangi yoyote. Nimevika boksi, breka bari (mpini mrefu wa boksi) bila bomba, nimelala nyuma naiangalia kichwa USO KWA USO, nikavuta kuelekea kwangu.

Kraak.

Mkuu wa stadi ya egzosi ulisema kweli, ile sauti huwezi kuikosea. Nikarudisha, nikapaka, nikafungua, nikarudisha. Dakika kumi imetoka yote. Sasa kilichonishangaza, thredi hazina kutu kabisa. Kutu iko kwenye kichwa na ile shingo. Kwenye thredi kuna unga mkavu unakwanguka kwa kucha, kama gundi ya zamani. Ni nini?

#23 Kona6

Ndo gundi yenyewe. Bolti za braketi nyingi zinatoka kiwandani na gundi ya thredi zisijilegeze, maana hiyo ikijifungua barabarani ni breki imekwenda. Gundi haijali WD-40 wala ATF, inalainika kwa joto, zile ngumu za rangi nyekundu zinataka karibu nyuzi 250. Kwa hiyo usiku mzima wa mafuta ulisaidia kutu ya shingoni tu, kazi imefanywa na tochi. Nakubali TochiNaNyundo alikuwa sahihi, mimi ningekupotezea siku nyingine.

#24 TochiNaNyundo

Naomba hii iwekwe kwenye fremu

#25 MkonoWaGrisi

Hongera. Sasa hiyo bolti usiirudishe. Umeikaza mara nne ya kipimo, kona zimeliwa, umeipasha moto. Na ya juu pia badilisha. Angalia namba ya uimara kichwani, kama ni 10.9 nunua 10.9 usikubali 8.8 hata muuzaji akikuambia ni zilezile, urefu na thredi zilingane. Safisha shimo kwa brashi, kausha, weka gundi mpya kama kitabu cha gari kinasema, kaza na toki renchi (spana ya kupima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha gari lako sio cha gari la kwenye video. Hapo usipake ile grisi ya shaba, hiyo peleka kwenye mgongo wa pedi na pale diski inapokaa kwenye habu, kidogo tu, isiguse uso wa diski.

Na lile bomba liweke mbali wakati wa kukaza.

#26 fundi_wa_wikiendi

Bolti mpya nne zimeshanunuliwa. Upande wa pili braketi imetoka kwa dakika 20, moto kwanza. Ila sasa diski yenyewe imeng'ang'ania habu, braketi haipo, skrubu ndogo mbili za mbele nimezitoa na bado. Nimeigonga na nyundo ya mpira haisikii. Moto tena?

#27 pedi_mbili

Hizo skrubu tumia bisibisi ya kugonga... ah umeshazitoa. Zilitokaje hazikuliwa?

#28 fundi_wa_wikiendi

Bisibisi ya kugonga, ile unapiga nyundo kwa nyuma inageuka yenyewe. Nimejifunza jana usiku wakati nasubiri mafuta yapenye.

#29 gari_la_baba

Usichome. Angalia uso wa diski, kati ya matundu ya tairi kuna matundu mawili madogo yenye thredi? Mara nyingi ni M8. Ingiza bolti mbili za M8, kaza moja nusu duru halafu nyingine nusu duru, kwa zamu, bolti zinagusa habu zinaisukuma diski kuja kwako. Usikaze upande mmoja tu itapinda ikabane zaidi. Na usikae mbele yake, ikiachia inaachia ghafla.

#30 fundi_wa_wikiendi

Matundu yapo, yalikuwa yamejaa kutu nilidhani ni mapambo. Naenda.

#31 fundi_wa_wikiendi

Imetoka na imeangukia kiatu. Kiatu kina chuma mbele, niko salama. Upande wa kwanza naanza kurudisha, toki renchi nimeazima, na nimeandika mshale kwa chaki kwenye chuma KUKAZA NI HUKU.

#32 pedi_mbili

Umeandika ukiwa umekaa upande gani

#33 fundi_wa_wikiendi

Nyuma mkuu. Nyuma.